Sala ya Macho Wazi

Katika chumba cha kushonea sare za shule, kile cha ghorofani juu ya duka la vyombo, kazi haikuanza kwa cherehani. Ilianza kwa sala. Saa moja na nusu asubuhi wanawake tisa walikaa kila mmoja mahali pake, mikono juu ya meza, wakafumba macho, na mmoja wao akaomba kwa niaba ya wote. Wapo waliokuwa wa Ijumaa na wapo waliokuwa wa Jumapili, kwa hiyo Bibi Mkubwa, mwenye chumba, alikwisha kuweka sharti tangu zamani: sala iwe ya maneno ya kawaida, isimchome mtu, na isizidi muda wa pasi kupata moto. Wakishaitikia "Amina", mashine zote zinanguruma kwa pamoja, na ukiwa chini dukani unasikia sahani zinatetemeka kwenye rafu.

Waliomba kwa zamu, na zamu zilizunguka. Alhamisi peke yake haikuzunguka. Alhamisi ilikuwa ya Dada Mkasi.

Dada Mkasi ndiye aliyekuwa mkataji. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mpana wa viganja, chaki imekaa nyuma ya sikio tangu asubuhi hadi jioni, kiasi kwamba siku moja alienda nayo harusini. Alitandika kitambaa tabaka ishirini, akachora juu yake, akapitisha mkasi mara moja, na tabaka ya chini ilitoka sawa na ya juu. Akicheka alicheka na mabega, na alicheka mara nyingi. Kila mtu alimpenda, na sala yake ya Alhamisi waliingoja kama watu wanavyongoja chai.

Maana Dada Mkasi, walisema, alikuwa na karama. Alikuwa anaoneshwa.

Mambo yalianza na jino. Alhamisi moja ya miaka ya nyuma aliomba hivi: "Na mwenzetu ambaye jino linamnyima usingizi, apate wa kuling'oa." Mshona zipu alifumbua macho kama aliyemwagiwa maji. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya jino lake. Baada ya hapo ikawa kila Alhamisi. Mara kuna mwenzetu amegombana na mtoto wake. Mara kuna mwenzetu viatu vinavuja. Mara kuna mwenzetu ni mjamzito na hajui pa kuanzia kusema. Na kila mara mwenzetu huyo alikuwepo, pale pale, anafuta machozi, na kabla jua halijazama wengine walikuwa wameshamsaidia.

"Mama, huyo hafichwi kitu," walisema. "Ukiwa na lako, Alhamisi utalisikia."

Ukweli ni kwamba Dada Mkasi hakuwa akioneshwa kitu na yeyote. Alikuwa akiangalia. Wenzake wote walifumba macho, yeye hakufumba. Uso wa mtu aliyefumba macho hauna ulinzi. Mwenye jino alikuwa ameshika shavu. Mwenye viatu vibovu alikuwa amevivua chini ya meza ili soksi zikauke. Kwa mtu aliyezoea kuona uzi mmoja uliopinda katika mita kumi za kitambaa, hayo yalikuwa mambo ya wazi kabisa.

Na sababu ya kutofumba macho ilikuwa moja tu. Hakuwa akiamini.

Hakupatwa na msiba, wala hakuna mtu aliyemkosea. Imani yake ilitoka kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa. Unafua, inapungua kidogo; unafua tena, inapungua tena; halafu siku moja unakianika kwenye mwanga unaona hakuna rangi, kimebaki kitambaa. Na kitambaa chenyewe kilikuwa kizuri tu, kizima. Hakusikitika. Kilichomsumbua kwa miaka kumi na mmoja ni jambo jingine: amwambie nani?

Maana alikuwa ameona linavyokuwa kwa wanaume. Mume wake mwenyewe alikuwa fundi wa cherehani, jina lake la kazi Bisibisi, na Alhamisi ndiyo siku yake ya kuja kuzitia mafuta mashine za chumba kile. Wanawake wakiwa wamefumba macho, yeye alizunguka na kopo lake la mafuta.

"Ombeni tu, shemeji zangu," alisema kila wiki akiingia. "Mimi namwagia mafuta. Kesho tutajua mashine imekwenda kwa lipi."

"Toka hapa, mpinzani wewe," walimjibu wakicheka. "Ungekufa zamani kama si sala za mkeo."

Kule kibandani kwa muuza chai, Bisibisi alitangaza mbele ya watu kumi kwamba juu ya mawingu kuna mawingu mengine, basi. Wanaume walibishana naye mpaka chai ikapoa, wakamwita Profesa, wakamsogezea kiti akae karibu. Hakuna aliyewahi kumwondolea kiti. Mwanaume asipoamini anaitwa mbishi. Dada Mkasi hakujua mwanamke angeitwaje, kwa sababu hakuwahi kumsikia hata mmoja.

Hata huyo Bisibisi, Dada Mkasi hakuwahi kumwambia. Alijicheka mwenyewe kwa hilo. Kuogopa kumwambia Bisibisi kwamba huamini ni kama kuogopa kumwambia samaki kwamba umelowa. Lakini aliogopa.

Pengine angeendelea hivyo mpaka uzeeni, kama si mashati.

Siku ya Jumanne aliinua dazeni moja ya mashati yaliyotoka kwa Mama Vifungo, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekaa naye dirisha moja miaka yote ile. Kazi ya Mama Vifungo ilikuwa kutoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo. Dada Mkasi alilitazama shati la kwanza, la pili, la tatu, akaita.

"Wifi, hebu njoo huku kwenye mwanga." Hawakuwa mawifi, waliitana hivyo kwa mapenzi. "Mashati haya ni ya nani?"

"Ya wavulana. Si umeyakata mwenyewe?"

"Shika hili. Tundu liko upande gani?"

Mama Vifungo alipapasa kwanza kwa vidole, kisha ndipo akatazama. Kule kupapasa ndiko kulikomshtua Dada Mkasi.

"Upande wa blauzi," alisema Mama Vifungo taratibu.

"Dazeni nzima, wifi. Nimeweka alama ya chaki kubwa kama mhogo."

"Basi wavulana watajifunza dada zao wanavyofunga vifungo. Si vibaya." Wakacheka wote wawili, lakini cheko la Dada Mkasi lilikatika njiani.

"Macho yako yana nini?"

"Macho yangu yana Mungu," alisema Mama Vifungo kwa utulivu mkubwa. "Si uliyaombea mwenyewe?"

Ilikuwa kweli. Miezi miwili nyuma alimwona akisugua kope wakati wa sala, akaomba: "Na mwenzetu anayesumbuliwa na macho, apate msaada." Alikusudia asikie, aende kwa daktari, kama mshona zipu alivyosikia akaenda kung'oa jino. Mama Vifungo alisikia, akakaa akausubiri huo msaada.

"Madaktari wa macho wako kituo cha afya wiki hii," alisema Dada Mkasi. "Ijumaa wanaondoka. Twende."

"Waende wengine. Mimi nikienda nitakuwa nimekuambia sala yako haikufika."

"Mimi sitaudhika."

"Wewe hutaudhika, lakini siyo wewe ninayemwogopa kumuudhi." Akapapasa mashati yake, akayakumbatia, akaenda kuyafumua.

Jumatano Dada Mkasi alijaribu tena mara tatu, akajibiwa vilevile mara tatu, kila mara kwa upole zaidi. Siku hiyo alikata kola mbili zimepinda. Aliona mbele yake njia mbili, na zote zilikuwa na mwiba. Akisema, huenda akakosa dirisha lake, wenzake, na Alhamisi yake. Akinyamaza, Mama Vifungo atakaa gizani akiishukuru sala ya mtu asiyesali. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Dada Mkasi alikuwa amezaa wawili, lakini hilo lilikuwa jambo jingine.

Alhamisi ilifika. Bisibisi aliingia na kopo lake, akasema maneno yake, wakamcheka. Wanawake wakafumba macho. Dada Mkasi alisimama kwenye meza ya kukatia, akazitazama nyuso nane, moja moja, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Halafu akasema:

"Leo naomba mfumbue macho."

Walifumbua mmoja mmoja, wakidhani ni sehemu ya sala.

"Sijawahi kuoneshwa kitu," alisema. "Nyinyi mkifumba, mimi sifumbi. Naangalia. Jino nililiona, alikuwa ameshika shavu. Viatu niliviona chini ya meza. Mimba niliiona kwa sababu alikuwa anakula chaki yangu."

Mshona zipu akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya jino lako."

Mama Vifungo alikuwa akitabasamu kuelekea pale sauti ilipotoka. "Wifi, hilo si kitu. Hata kama unaangalia, aliyekuonesha pa kuangalia ni yeye."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, tena mpana. Angeweza kusema ndiyo, wote wangesema Amina, na maisha yangeendelea. Dada Mkasi aliutazama mlango huo, akautazama uso wa mwenzake, macho mawili mekundu kwa kusuguliwa.

"Simwamini," alisema. "Hata kidogo. Mwaka wa kumi na moja huu. Sala yangu haikwenda popote, wifi, iliishia kwenye dari hili. Kama ulikuwa unaisubiri irudi na dawa, haitarudi. Nenda kwa daktari."

Bisibisi alikuwa ameinamisha kopo juu ya mashine ya nne. Alisahau kuliinua. Mafuta yalijaa, yakamwagika, yakateremka mguu wa meza mpaka kwenye furushi la kola nyeupe, na hakuna aliyemkaripia.

"Washeni mashine," alisema Bibi Mkubwa.

Siku hiyo hapakuwa na Amina. Mashine ziliwaka moja baada ya nyingine, kama mtu mwenye kwikwi.

Saa ya chakula Bibi Mkubwa alimwita kwenye stoo ya vitambaa, akakaa juu ya jora, akanyoosha goti lake bovu.

"Mwanangu, ungeniambia mimi kwanza."

"Ungeniambia nini, Bibi?"

"Ningekuambia unyamaze." Bibi Mkubwa hakuwa mnafiki. "Mwanaume asipoamini ni kelele zake tu za kibandani. Mwanamke ndiye anayeombea watoto, anaombea mume, anaombea wagonjwa. Mwanamke asipoamini nyumba inabaki bila mlango."

"Mbona mume wangu mnamcheka tu, miaka ishirini?"

"Yule ana wewe."

"Na mimi nina nani?"

Bibi Mkubwa aliinuka juu ya jora, akakung'uta nyuzi kwenye gauni. Akasema, "Sare za darasa la nne zikatwe leo," na Dada Mkasi akajua hajafukuzwa.

Jioni, wakati ananawa mikono bombani uani, mshona zipu alimfuata, akafungua maji kwa nguvu ili yapige kelele.

"Dada, na mimi ni hivyohivyo," alinong'ona. "Lakini nakuomba, wenzangu wasijue. Hasa mpiga pasi, yule ataniua kwa mahubiri."

Hazikupita dakika tano, mpiga pasi akaja na ndoo, akatazama nyuma, akafungua maji kwa nguvu vilevile. "Nilifikiri niko peke yangu duniani," alisema. "Usimwambie mshona zipu."

Dada Mkasi aliinama bombani, mabega yakaanza kucheza. Alicheka mpaka maji yakamwingia puani, na mpiga pasi hakuelewa kinachochekesha.

Alipopanda tena kuchukua mkoba, Mama Vifungo alikuwa amesimama mlangoni.

"Miezi miwili nimekaa nangoja nini?"

"Umeningoja mimi nipate moyo wa kusema. Nisamehe."

"Huna sala. Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Basi kesho saa mbili kamili. Na usinicheleweshe, mchawi wee." Akashuka ngazi akipapasa ukuta.

Nyumbani, Bisibisi alikula bila kusema mzaha hata mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alipomaliza alisukuma sahani.

"Miaka kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja."

"Ukiniambia asubuhi 'nenda salama', ulikuwa unamwambia nani?"

"Wewe. Nilitaka uende salama."

Alikuna kichwa. "Mke wangu, nikuambie ukweli. Mimi kule kibandani nilikuwa natamba kwa sababu najua nyumbani kuna mtu anaomba. Nilijisemea, ikitokea nimekosea, mama watoto ameshaniwekea neno."

"Kwa hiyo miaka yote ulikuwa huamini kwa imani yangu."

"Ndivyo ilivyo."

"Ni kama mtu anayejisifu kwamba anatembea kwenye mvua bila mwavuli, kumbe mkewe yuko nyuma amemkingia."

"Na sasa nageuka," alisema Bisibisi, "namkuta mwenye mwavuli naye hana mwavuli. Tumelowa wote tangu mwaka gani sijui."

"Umepata mafua?"

"Hapana."

"Basi."

Wakatazamana. Yeye ndiye aliyeanza, kwa mabega, kisha Bisibisi naye akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Ijumaa walikaa kwenye benchi la kituo cha afya tangu saa mbili hadi saa sita. Daktari, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mtoto wao, alimwekea Mama Vifungo kioo hiki na kile, akasema macho yake ni mazima, yamechoka tu kuona, vya karibu na vya mbali, akampa dawa ya matone na miwani ya fremu nyeusi. Mama Vifungo aliivaa. Kitu cha kwanza alichokitazama ni mikono yake mwenyewe.

"Kumbe nimezeeka hivi," alisema. "Wifi, kwa nini umenileta?"

Halafu akamgeukia Dada Mkasi, akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia nywele mpaka kwenye chaki nyuma ya sikio.

"Na wewe pia," alisema, na wakarudi kazini wameshikana mkono.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi zote. Wawili katika chumba walimsalimia Dada Mkasi kwa kidevu tu. Mmoja alihamisha kiti chake, akakaa huko siku tatu, akagundua huko hakuna upepo, akarudi. Jumatatu waliomba bila kumtaja. Jumatano aliyeomba alimtaja kwa kirefu mpaka pasi ikaanza kuunguza kitambaa, na Bibi Mkubwa akasema, "Amina, Amina, inatosha."

Alhamisi ilipofika hakuna aliyejua la kufanya. Dada Mkasi alikuwa ameamua kukaa kimya pembeni ya dirisha. Bisibisi aliingia na kopo lake, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu mlangoni.

"Leo zamu ya nani?" aliuliza Bibi Mkubwa, akitazama dari.

"Yangu," alisema Mama Vifungo. Miwani ilimkaa kama ya mwalimu mkuu. "Nitaomba mimi, kwa sababu mimi naamini, na juzi nimeomba nimepewa daktari. Lakini sikilizeni. Sala za mwaka huu wote zimetufanyia nini? Zimetuambia nani ana shida. Na hilo alilifanya huyu. Kwa hiyo asimame palepale mezani. Sisi tufumbe, yeye aangalie. Tukimaliza atuambie alichokiona, tujue pa kuanzia."

"Mtu asiyeamini asimame mbele ya sala?" aliuliza mwenye kiti cha kuhamahama.

"Bisibisi amezunguka katikati ya sala miaka mingapi, na kopo mkononi?"

Mwenye kiti alifikiri. "Kweli yule hata haangalii, anapiga kelele tu," alikubali.

Wote wakamtazama Bibi Mkubwa. Bibi Mkubwa alitazama pasi.

"Sharti ni lilelile," alisema. "Pasi ikipata moto, basi."

Dada Mkasi alisimama mezani. Wenzake wakafumba macho, na safari hii wakijua kabisa kwamba wanatazamwa. Mmoja alinyoosha kola yake. Mwingine alitabasamu kama anapigwa picha. Mwenye kiti cha kuhamahama alitoa ulimi nje, macho yamefumbwa, ili kumpima. Mshona zipu na mpiga pasi walikuwa macho wazi wote wawili, kila mmoja anatazama mapaja yake, mita mbili baina yao, hakuna anayemwona mwenzake. Dada Mkasi aliuma mdomo asicheke.

Mama Vifungo aliomba vizuri, kwa maneno ya kawaida. Bibi Mkubwa alikuwa amelishika goti lake kwa mikono miwili. Na kule kwenye mashine ya nne, nyuma ya wote, alisimama Bisibisi, mpinzani, Profesa wa kibandani. Kopo alikuwa ameliweka chini. Mikono yake yenye mafuta ilikuwa imeshikana mbele ya tumbo, na macho yake yalikuwa yamefumbwa, yamefumbwa kabisa, kama mtoto anayehesabu wenzake wakijificha.

"Amina," walisema.

Bisibisi aliokota kopo haraka, akaanza kutia mafuta mashine aliyokwisha kuitia.

"Haya, tuambie," alisema Mama Vifungo. "Umeona nini?"

"Goti la Bibi linahitaji kiti cha juu na daktari. Nimeona ulimi wa mtu, mwekundu, mzima, hauna tatizo." Chumba kikacheka, na mwenye ulimi akacheka kuliko wote. "Na mtoto wa mtu amelala vibaya jana, mama yake anasinzia hapo, leo tumpe kazi nyepesi."

"Na mwingine?"

Dada Mkasi aliwatazama wale wawili waliokuwa wakitazama mapaja yao. Akamtazama mume wake, ambaye masikio yake yalikuwa yamegeuka na kuwa mekundu.

"Wengine wote wako salama," alisema, akaichomoa chaki nyuma ya sikio.

Mashine zikanguruma kwa pamoja, na huko chini sahani zikatetemeka.